Mwizi wa petroli alikuwa chini ya boneti

Gari lenye nguvu likianza kubugia mafuta, wengi hukimbilia kulaumu watu au kununua vipuri. Kisa cha jirani mmoja wa Mathare North kinaonyesha kwamba kalamu na karatasi ndizo spana za kwanza.

KELELE zilianza mwendo wa saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla hata wauzaji wa maandazi hawajamaliza kuwasha majiko yao.

"Ni wewe! Ni wewe unayenifilisi kila usiku!"

Nilipochungulia dirishani nilimwona jirani yangu wa ghorofa ya tatu akiwa amemkaba shati kijana anayelinda magari katika kiwanja kidogo kilicho mbele ya ploti yetu. Kijana alikuwa akiapa kwa jina la mamake. Jirani naye alikuwa akipaza sauti zaidi: "Mwizi wa petroli!"

Msomaji, ikiwa umewahi kuishi Mathare, Huruma au Kariobangi, unajua uzito wa neno hilo. Likitamkwa kwa sauti alfajiri, watu hawaulizi limetoka wapi. Milango hufunguka, na wanaotoka huwa tayari wameokota kitu mkononi.

Aliyemwokoa kijana huyo ni mama mmoja muuza mboga. Alitua gunia lake la sukuma wiki, akasimama katikati yao na kuuliza maswali mawili tu. "Baba, umemkuta na mpira? Umemkuta na mtungi?"

Jirani hakuwa amemkuta na chochote. Alichokuwa nacho ni mshale wa geji uliokuwa umelala kwenye sifuri, ilhali juzi tu alikuwa ametia petroli. Kijana aliachiliwa, lakini alifutwa kazi papo hapo. Aliondoka bila malipo ya wiki hiyo, akiwa na jina baya mgongoni.

Kisa hicho kilitokea Novemba 2023. Nakisimulia leo kwa sababu baadaye mwizi alipatikana, na tangu mwanzo alikuwa amelala mle mle ndani ya gari.

Gari la ndoto

Jirani yangu ni karani katika Eneo la Viwanda. Alikuwa amechukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo ili anunue gari alilolitamani tangu utotoni: Subaru Impreza yenye turbo, ya rangi ya buluu, iliyoundwa mwaka 1999. Ni gari la injini ya lita mbili, silinda zake nne zimelala ubavu badala ya kusimama, na injini hiyo huyasukuma magurudumu yote manne.

Huwezi kumlaumu kwa kulipenda. Waliokua Eastlands miaka ya tisini walilelewa na mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne akiendesha Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Vijana waliopanda juu ya mapaa kutazama magari hayo yakitimua vumbi kwenye runinga ya jirani ndio hao hao ambao leo wana kazi na mikopo.

Lakini gari la ndoto huja na historia yake. Kanuni za Kenya haziruhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Kwa hivyo gari la mwaka 1999 lilifika hapa zamani, na kabla ya kumfikia jirani yangu lilikuwa limepitia mikono mingi. Kila mkono ulikuwa umeacha alama ya spana yake.

Miezi minne hivi baada ya kulinunua alianza kulalamika. Petroli ilikuwa haikai. Alikwenda gereji ya kwanza wakabadilisha plagi. Akaenda ya pili wakamuuzia pampu ya petroli. Ya tatu walizitoa injekta, wakazisafisha na kuzirudisha. Kwa jumla alikuwa ametumia karibu Sh38,000, na kiu ya gari ilikuwa pale pale.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Mkewe naye alikuwa na hesabu zake. Mtu anayesema anakwenda kazini na kurudi, na pesa za petroli zinaisha kabla ya wiki, kwani huwa anapitia wapi? Maskini mume hakuwa na jibu. Ndipo alipomgeukia kijana wa kulinda magari.

Hesabu ya "weka ya elfu mbili"

Siku chache baada ya zile kelele nilimpeleka kwa fundi mmoja mwenye gereji ya jua kali kando ya barabara ya Outering. Ni mzee wa makamo aliyejifunza kazi Grogan, kule Kirinyaga Road, enzi za magari ya kabureta, kisha akajifundisha haya ya kompyuta. Hakufungua boneti. Aliketi kwenye tairi kuukuu na kuuliza: "Lita moja inakupeleka kilomita ngapi?"

Jirani yangu alikuna kichwa. "Fundi, mimi huweka ya elfu mbili. Halafu inaisha."

"Basi hujui kama gari linakunywa. Unajua tu kwamba pesa zimeisha," fundi alijibu.

Akaomba kalamu. Mnamo Agosti 2022 lita moja ya petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa Sh159.12. Ukiweka ya Sh2,000 ulipata lita 12 na nusu. Mwezi uliofuata ruzuku ya petroli iliondolewa na bei ikaruka hadi Sh179.30. Julai 2023 ushuru wa thamani, yaani VAT, kwa bidhaa za petroli ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba na Novemba 2023 lita moja ilikuwa Sh217.36. Zile Sh2,000 sasa zilinunua lita 9.2 pekee.

"Lita tatu na zaidi zimetoweka hapo," alisema fundi, "na hakuna mtu aliyefyonza."

Hilo ni somo la kwanza kwa kila familia yenye gari, liwe la mbio au la kubebea mboga. Anayenunua petroli kwa shilingi hawezi kujua afya ya gari lake, maana bei hutangazwa upya tarehe 14 ya kila mwezi. Petroli hupimwa kwa lita, na safari kwa kilomita.

Njia ni rahisi na haihitaji chombo chochote. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako kwa siku kadhaa. Rudi kwenye kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, na ujaze tena mpaka ijikate. Lita ulizotia sasa ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita ulizosafiri kwa lita hizo.

Jirani alisaga meno, akajaza tangi. Alipolirudisha gari baada ya kilomita 212, pampu ilisoma lita 47, yaani zaidi ya Sh10,200. Hesabu ikatoka: kilomita 4.5 kwa kila lita.

Je, hiyo ni mbaya? Fundi alieleza kuwa Impreza ya turbo ya umri huo haiwezi kulinganishwa na gari dogo la lita moja. Ikiwa na afya njema ndani ya jiji huenda kilomita 7 au 8 kwa lita, na kwenye barabara kuu isiyo na msongamano hufika 10 au zaidi. Mwenye kutaka 15 kutoka kwa gari kama hilo anajidanganya. Lakini 4.5 ni ugonjwa.

Gari lililolala halinywi

Kabla ya kutafuta ugonjwa, fundi alitaka kwanza kumaliza kesi ya kijana.

"Kifuniko cha tangi lako hufunguliwa wapi?" aliuliza.

"Ndani. Kuna kishikio karibu na kiti cha dereva."

"Na ufunguo wa mlango hulala na nani?"

"Mimi."

"Umewahi kukuta mlango umevunjwa? Kifuniko kimekwaruzwa?"

Hapana. Jirani yangu alianza kutazama chini.

Hata hivyo fundi hakutaka maneno matupu. Alimwagiza ajaze tangi jioni katika kituo kilicho karibu na nyumbani, aegeshe gari mahali pale pale pa kila siku, kisha asubuhi arudi moja kwa moja kwenye kituo hicho na kujaza tena. Kama kuna mtu anayefyonza usiku, au kama kuna bomba linalovuja, pampu itasema.

Walifanya hivyo siku tatu. Kila asubuhi tangi lilipokea chini ya nusu lita, kiasi kilichotumika kwa ile safari fupi. Chini ya gari hakukuwa na unyevu wala harufu. Petroli haikuwa ikipotea gari likiwa limelala. Ilikuwa ikipotea likitembea.

Jirani alirudi kimya jioni hiyo. Alijua maana yake.

Magurudumu kabla ya injini

Wengi wetu tukisikia gari linakunywa mafuta huwaza injini. Fundi huyu huanzia chini. Gari linalozuiwa kutembea hutumia nguvu zaidi, na nguvu hizo hutoka kwenye tangi.

Alipima upepo wa tairi. Mbili zilikuwa na upungufu mkubwa. Tairi laini hujitandaza barabarani na kuwa nzito kuviringika. Kiwango kinachofaa huandikwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni upande wa dereva, na hupimwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Kwa gari la magurudumu manne kama Subaru, tairi zote zinapaswa kuwa za saizi moja na zilizolika sawasawa. Zikihitilafiana, mitambo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hushindana yenyewe kwa yenyewe.

Kisha alisimamisha gari mahali tambarare, akaweka gia huru na kulisukuma kwa mikono. Lilikwenda kwa shingo upande. Akamwambia jirani aliendeshe hadi Kariobangi na kurudi bila kukanyaga breki kwa nguvu. Waliporejea, fundi alisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa likitoa joto kama jiko. Breki yake ilikuwa imekwama kwa kutu, ikishika muda wote, mithili ya mtu anayetembea huku mtoto amemng'ang'ania mguu.

Breki ilifunguliwa, ikasafishwa na kupakwa grisi inayofaa. Hapakununuliwa kipuri chochote.

Kidude kilichotupwa

Sasa boneti ilifunguliwa. Plagi za gari hili ziko ubavuni, karibu na chuma cha bodi, na kuzitoa ni kazi ya kutoa jasho. Zilipotoka, zote nne zilikuwa zimepakwa masizi meusi makavu, ilhali zilikuwa na miezi miwili tu. Masizi ya namna hiyo ni ushahidi kwamba petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma.

Hapa inafaa msomaji aelewe jambo moja. Ili petroli ichomeke sawasawa, kila gramu moja inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Kompyuta ya gari ndiyo inayopima. Kuna sensa inayohesabu hewa inayoingia, nyingine inayopima joto la maji ya injini, na nyingine kwenye bomba la moshi inayonusa kama kuna oksijeni iliyobaki. Kompyuta husoma hayo yote, kisha huziambia injekta zifunguke kwa muda gani.

Injini ikiwa baridi, kompyuta humwaga petroli zaidi kwa makusudi, kwa sababu petroli haigeuki kuwa mvuke vizuri penye baridi. Injini ikipata joto, kipimo hupunguzwa.

Fundi alipinda chini ya usukani na kuunganisha viunganishi viwili vyeusi. Katika Subaru nyingi za miaka hiyo, ukifanya hivyo taa ya injini kwenye dashibodi hupepesa kwa hesabu na kutaja hitilafu. Taa haikutaja chochote. Kompyuta haikuwa na malalamiko.

"Hapo ndipo wengi hukata tamaa," alisema. "Lakini kompyuta husema sensa imekufa. Haisemi kwamba sensa inasema kweli kuhusu jambo baya."

Aliacha gari lipoe, kisha akaliwasha na kushika mipira miwili ya rejeta, wa juu na wa chini. Katika gari lenye afya, mpira wa chini hubaki baridi kwa dakika kadhaa, maana maji huzuiwa yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Katika gari la jirani yangu, mipira yote miwili ilianza kupata joto kwa pamoja, polepole. Nao mshale wa joto ulipanda kidogo na kukwama chini ya mahali pake. Gari lilipokimbizwa barabarani upepo ukipuliza rejeta, mshale ulishuka tena.

Fundi alizima gari, akasubiri lipoe kabisa, kisha akafungua pale panapokaa thermostati. Palikuwa patupu.

Thermostati ni mlango mdogo wa chuma, haujai kiganja. Katika injini kama hii huanza kufunguka maji yanapofikia karibu digrii 78. Kazi yake ni kuifungia injini joto mpaka ikolee, kisha kuliachia kidogo kidogo. Bila mlango huo, injini huoshwa na maji baridi saa zote. Ile sensa ya joto ilikuwa ikiiambia kompyuta ukweli mtupu: injini haijapata joto bado. Kompyuta ikatii, ikaendelea kumwaga petroli ya asubuhi, mchana na jioni.

Nani aliitoa? Jirani yangu alikumbuka. Wiki chache baada ya kulinunua, gari lilichemka likiwa kwenye msongamano wa Thika Road. Fundi wa kando ya barabara alilitengeneza upesi, akamwonyesha kidude kidogo na kumwambia: "Hiki ni cha Wajapani wenye theluji. Nchi yetu ni ya joto, hatukihitaji." Alilipa, akashukuru, akaenda zake.

Hadithi hiyo husikika katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, na imewagharimu wengi. Kuitoa thermostati huficha ugonjwa. Gari lilichemka kwa sababu rejeta ilikuwa imeziba kwa matope na kutu. Ndiyo maana fundi wetu alisafisha rejeta kwanza, akaweka maji yenye dawa ya kuzuia kutu, ndipo akarudisha thermostati mpya. Haikufika Sh3,000.

Mlio wa fahari

Kulikuwa na jambo la pili, nalo liliuma kwa namna nyingine.

Kila jioni jirani yangu akiingia kwenye ploti, alipokanyaga na kuachilia mafuta, gari lilitoa mlio: pshuuu! Watoto walikuwa wakiuiga. Wanafunzi wa shule ya upili walisimama barazani kuusubiri. Alikuwa amenunua valvu maalumu ili kuupata.

Turbo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Dereva akiachilia mafuta ghafla, hewa hiyo hukosa pa kwenda. Valvu iliyotoka kiwandani huirudisha kimya kimya kwenye njia ya kuingilia. Ile ya madaha huitupa nje, na ndio huo mlio. Tatizo ni kwamba hewa hiyo imekwisha kuhesabiwa na sensa, na petroli yake imekwisha kupimwa.

"Ni kama kupika chakula cha wageni kumi, kisha watano wakaenda zao mlangoni," fundi alieleza. "Chakula hakirudi sokoni."

Peke yake jambo hilo haliwezi kulifilisi gari, lakini kwa dereva anayebadilisha gia mara mia katika msongamano wa Outering, matone hugeuka kijito. Valvu ya zamani ilikuwa bado iko chini ya kitanda. Ilirudishwa. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi nacho kilibadilishwa, na sensa ya hewa ikapuliziwa dawa yake maalumu, bila kuguswa kwa kitambaa wala kidole.

Petroli yenyewe na mguu wa dereva

Nilimuuliza fundi iwapo huenda kosa ni la petroli ya kuchanganywa. Alikiri kuwa zamani lilikuwa tatizo kubwa, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ya bei ya chini mno na walaghai waliyatia kwenye petroli na dizeli. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yanayoingizwa nchini, ili kuondoa faida ya ulaghai huo. Kwa vyovyote vile, dawa ya mwenye gari ni kununua katika kituo kimoja anachokiamini na kuweka kumbukumbu.

Lipo jambo jingine linalohusu magari haya. Subaru nyingi za turbo tunazoziona ziliundwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya daraja la juu huwa na okteni ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya hapa ni ya chini ya hapo. Petroli yenye okteni ndogo hulipuka kabla ya wakati ndani ya injini yenye mgandamizo mkubwa. Sensa husikia mgongano huo na kompyuta huchelewesha cheche ili kuiokoa injini. Nguvu hupungua, dereva hukanyaga zaidi, na petroli huenda. Mwenye gari la aina hiyo anaweza kufaidika na petroli ya daraja la juu inayouzwa katika baadhi ya vituo. Mwenye gari la kawaida atakuwa anatupa pesa.

Mwisho ni mguu. Turbo ya gari hili huamka vizuri injini ikikaribia mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikiamka, kompyuta humimina petroli nyingi ili kupoza silinda, na ule uwiano wa 14.7 hushuka hadi 11 au 12. Anayetaka kuokoa pesa abadilishe gia mapema na aiache turbo ilale. Aidha, akizima injini kwenye msongamano wa kusimama kabisa, ataokoa. Injini ya lita mbili inayonguruma bure huweza kumaliza karibu lita moja kwa saa.

Deni lililobaki

Baada ya kazi hiyo yote, jirani alijaza tangi na kuanza kupima upya. Alirudi baada ya kilomita 236. Pampu ilisoma lita 29 na nusu. Kilomita 8 kwa lita!

Kwa mtu anayesafiri kilomita 600 kwa mwezi, tofauti ya 4.5 na 8 ni karibu lita 58. Kwa bei ya wakati ule hiyo ilikuwa zaidi ya Sh12,000 kila mwezi, karo ya mtoto au kodi ya nyumba ya chumba kimoja katika mitaa yetu. Mkewe alipoonyeshwa karatasi aliisoma mara mbili, kisha akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia. Hakusema kitu, lakini chai ya jioni hiyo ilikuwa na maziwa mengi.

Lilibaki deni moja ambalo spana haiwezi kulipa.

Jumamosi iliyofuata jirani yangu alimwendea yule mama muuza mboga na kumwomba amsindikize hadi Mlango Kubwa, anakoishi kijana pamoja na mamake. Nilifuatana nao. Alisimama mlangoni, akavua kofia na kusema mbele ya wote kuwa alimsingizia mtoto wa mwenyewe. Alilipa ujira wa ile wiki na juu yake akaongeza wa mwezi mzima. Akamwomba kijana arudi kazini.

Kijana alizipokea pesa kwa mikono miwili. Alitafakari kidogo.

"Mzee, nimekusamehe," alisema. "Lakini gari lako silindi tena. Likikohoa tu, nitaulizwa mimi."

Hakuna aliyemlaumu. Mama muuza mboga aliitikia kwa kichwa, tukanywa uji, tukaondoka.

Siku hizi ukifungua kisanduku cha dashibodi cha ile Subaru utakuta daftari dogo la shule. Kila akitia petroli, mwenyewe huandika tarehe, kilomita na lita. Ukurasa wa kwanza una tarakimu moja tu, 4.5, iliyozungushiwa wino mwekundu. Nilimuuliza kwa nini hajaurarua, ilhali gari limepona.

"Huo si wa gari," alinijibu. "Huo ni wangu."